Kompyuta ya mezani inazima yenyewe na saa inarudi nyuma

Swali: Wakuu, mashine ya 2010, iko steshenari hapa Mikindani. Kila asubuhi tarehe imerudi nyuma, na ikikaa dakika kumi inazima ghafla. Nianzie wapi?

Jibu: Hayo ni matatizo mawili, mkuu. Tarehe ni betri ya mazabodi (bodi kuu ya ndani), CR2032 ya volti 3. Chomoa umeme, badilisha, weka saa upya. Kuzima, shuku joto kwanza. Toa hitisinki (chuma cha kupoza prosesa), futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, basi. Ukizidisha inamwagika pembeni. Ukipuliza vumbi, shika feni isizunguke.

Jibu: Bado ikizima, pima kwa mita pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani) mashine ikiwa inafanya kazi: waya wa njano na mweusi isome volti 11.4 hadi 12.6, mwekundu na mweusi 4.75 hadi 5.25. Nje ya hapo, nunua nyingine. Tafadhali usilifungue boksi lake, kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji) za ndani hubaki na chaji hata umeme ukichomolewa. Na zile za mazabodi, zilizovimba kichwa ndizo mbovu.

Jibu: Huku pwani chumvi ya hewani hula miguso, yaani sehemu za chuma zinazogusana. Chomoa RAM (kadi ya kumbukumbu), sugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, rudisha mpaka vishikio vilie "kwa!"