Mjadala: Je, kumkataza mjamzito kupuliza dawa ya tumbaku kunamlinda mtoto wa kiume aliye tumboni?

Katika mkutano wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa tumbaku, hapa wilayani Urambo, mkoani Tabora, lilitolewa pendekezo kwamba mwanachama atakayemwachia mke wake mjamzito kubeba solo, yaani pampu ya mgongoni ya kupulizia, na kupuliza dawa shambani atozwe faini. Mkutano uligawanyika. Waliounga mkono walisema mtoto aliye tumboni hana wa kumsemea. Waliopinga walisema kaya yenye watu wazima wawili haiwezi kumpoteza mmoja wakati msimu umeshika kasi, na kwamba habari za dawa kuharibu uzazi wa watoto wa kiume ni maneno ya Wazungu yasiyo na ushahidi. Mimi ni mkunga, na nimelelewa katika kaya ya wakulima wa tumbaku. Naamini dawa hizi zinastahili kuogopwa, lakini naamini pia kwamba katazo hilo, kwa namna lilivyoandikwa, litampita mtoto yuleyule ambaye linakusudia kumlinda.

Nianze na hilo la ushahidi. Viungo vya uzazi vya mimba ya mvulana na ya msichana havitofautiani mpaka wiki ya sita hivi. Hapo ndipo jeni iitwayo SRY, iliyoko kwenye kromosomu Y, inapoifanya tezi ya uzazi igeuke kuwa korodani, na baada ya muda mfupi seli za Leydig zilizomo humo huanza kutoa testosteroni. Homoni hiyo ndiyo inayosimamia ujenzi wa mirija ya mbegu na uume, kufungwa kwa njia ya mkojo hadi kwenye ncha, na baadaye, ikisaidiana na homoni nyingine, kushuka kwa korodani kutoka tumboni hadi kwenye mfuko wake. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwa panya wa maabara kwamba kazi hii hupangwa katika kipindi kifupi sana, mapema, hata kabla viungo vyenyewe havijaonekana kutofautiana, na kwamba homoni ikizuiwa kipindi hicho, kuiachia baadaye hakurudishi kilichopotea. Kwa binadamu, kipindi hicho kinakadiriwa kuwa kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya mimba. Naomba wachangiaji wazishike wiki hizo, kwa kuwa hoja yangu yote imesimama juu yake.

Kemikali inayovuruga homoni haifanyi kazi kama sumu ya panya tuliyoizoea, inayomwangusha aliyeila. Nyingine hukalia kipokezi, yaani nafasi kwenye seli ambapo testosteroni ilipaswa kukaa, ili homoni yenyewe ikifika ikute nafasi imeshachukuliwa; hivyo ndivyo inavyofanya DDE, yaani kile ambacho DDT, dawa ya kuua wadudu, hubadilika kuwa ikishaingia mwilini, kama ilivyobainika mwaka 1995, na ndivyo zinavyofanya dawa za ukungu kama vinklozolini na prosimidoni. Nyingine, kama baadhi ya thaleti zinazolainisha plastiki, hupunguza utengenezaji wa testosteroni ndani ya korodani za mimba, kama majaribio ya panya yalivyoonyesha. Tena, katika majaribio hayohayo, kemikali kadhaa zilizochanganywa, kila moja kwa kiwango ambacho peke yake hakikuleta dhara, zilizaa kasoro zikiwa pamoja. Mama mwenyewe haumwi, hatapiki wala haoni kizunguzungu, na kwa hiyo husema dawa haimdhuru.

Anayetaka ushahidi wa binadamu aitazame DES, homoni ya kutengenezwa iliyogunduliwa mwaka 1938 na kupewa mamilioni ya wajawazito, wengi wao Marekani, kwa imani kwamba ingezuia mimba kuharibika, mpaka Marekani ilipotoa onyo mwaka 1971. Akina mama waliimeza bila kujisikia wagonjwa. Baadhi ya mabinti zao walipata saratani adimu ya uke, na miongoni mwa watoto wa kiume zilionekana korodani ambazo hazikushuka na uvimbe wa majimaji kwenye mirija inayohifadhi mbegu. Na anayesema haya ni mambo ya Wazungu aitazame Limpopo, Afrika Kusini, ambako utafiti uliotolewa mwaka 2010, uliohusisha watoto wa kiume zaidi ya 3,000, ulikuta kwamba akina mama wa vijiji vilivyopuliziwa DDT dhidi ya mbu walikuwa na uwezekano wa asilimia 33 zaidi wa kuzaa mtoto wa kiume mwenye kasoro za njia ya mkojo na uzazi kuliko wale wa vijiji ambavyo havikupuliziwa.

Sisemi kwamba kila dawa iliyomo kwenye ghala la pembejeo ni ya aina hiyo, na wala hakuna mkunga awezaye kumwambia mama mmoja mmoja kwamba kasoro ya mwanawe imetokana na dawa fulani, kwa sababu korodani hukosa kushuka kwa sababu nyingi, ikiwamo mtoto kuzaliwa njiti. Kila mtoto wa kiume ninayempokea humpapasa mfuko wa korodani kwa vidole nilivyokwisha kuvipasha joto, kwa kuwa mkono wa baridi hufanya korodani zipande na kukudanganya. Wapo ambao upande mmoja huwa mtupu, laini kama kifuko kisicho na kitu. Humwambia mama asihofu, kwani nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya kwanza, lakini zisiposhuka hadi miezi sita ampeleke hospitali, maana upasuaji ukicheleweshwa unaweza kuathiri uzazi wake atakapokuwa mtu mzima.

Sasa turudi kwenye katazo. Wanawake wengi huku kwetu huja kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa ya miezi minne au mitano, na kabla ya hapo mimba ni siri ya mwenye nayo, kwa desturi na kwa tahadhari. Chama kitamjuaje mjamzito wa wiki ya 9? Mimba iliyotungwa Agosti inakuwa ndani ya zile wiki mwezi wa Oktoba na Novemba, wakati vitalu vinapuliziwa na miche inaanza kuhamishiwa shambani. Siku ambayo tumbo limeonekana na faini inaweza kutozwa, ule mpango wa viungo umeshapita.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna mjumbe aliyeligusa. Mume ndiye amepuliza, mke yuko nyumbani, katazo limetimizwa. Jioni mume anarudi, suruali imelowa kuanzia magotini kwa sababu solo inavuja kwenye mpira, anaivua na kuitupa pembeni. Anayeifua ni nani? Nimemwona mama akiisugua kwa mikono mitupu katika beseni lilelile ambalo kesho yake huogeshea watoto, huku dumu la dawa lililoisha likiwa limesuuzwa mara mbili na kuanikwa juani likisubiri kutiwa maji ya kunywa.

Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini tuhangaike na dawa za tumbaku wakati mbu wanapuliziwa dawa ndani ya nyumba. Swali ni halali, lakini mizani si moja. Mkoa wa Tabora una malaria nyingi, na malaria inamuua mjamzito pamoja na mtoto wake. Anayechagua dawa ya ukutani anaokoa maisha. Kwenye tumbaku tunachookoa ni kilo na daraja la jani.

Kwa hiyo napendekeza faini ifutwe na fedha za chama zielekezwe kwingine: kila kijiji kiwe na wapulizaji wachache waliofunzwa, wenye solo zisizovuja, glavu na nguo za kazi ambazo haziendi nyumbani bali hufuliwa palepale ghalani, na makopo yote yarudishwe yakiwa yametobolewa, kabla mkulima hajapewa mengine. Mpango huo hauhitaji kumuuliza mwanamke yeyote kama ana mimba, wala haumwondoi katika kupanda na kupalilia.

Najua hoja itakayokuja ni gharama, na kwamba makato kwenye malipo ya tumbaku tayari ni mengi. Wenye hesabu za vyama vyao, hasa wilaya za Kaliua na Sikonge, watuambie: wapulizaji sita kwa kijiji kwa msimu mmoja wangemkata mkulima shilingi ngapi kwa kilo?