Ukuta umetokea kwenye shimo: tuufuate au tuuvuke?

Mwanafunzi wa akiolojia, mwaka wa tatu

Salaam, wanajukwaa. Niko kwenye uchimbaji wa mafunzo katika magofu ya pwani ya kusini mwa Tanzania, na leo tumemaliza siku ya saba. Shimo letu ni la mita 3 kwa 3. Juzi, tulipoondoa kifusi cha mawe na chokaa iliyomumunyuka, kwenye kina cha sentimita 40 hivi ulijitokeza ukuta wa mawe ya mwamba unaokatiza upande wa kusini wa shimo, na uso wake wa ndani bado una lipu nyeupe, laini kama kauri. Zimebaki siku 9. Wenzangu wengi wanataka tuchimbe mfereji mwembamba kando ya ukuta, tuufuate mpaka tuone kona na mlango, ili tupate ramani ya nyumba. Msimamizi wetu ametutaka tujenge hoja kwanza. Nahisi kuna jambo tutalipoteza, lakini nashindwa kulieleza. Naomba mwongozo kuhusu uamuzi wa kesho asubuhi.

Msimamizi wa mashimo, Mombasa

Mdogo wangu, hisia yako ni sahihi. Ukuta hauandikwi tarehe usoni. Umri wake tunaupata kwa vitu vinavyougusa, yaani sakafu inayokuja kuishia kwenye lipu, mtaro wa msingi ambao mafundi waliuchimba kabla ya kuweka jiwe la kwanza, na tabaka ambalo mtaro huo ulilipasua. Kigae, yaani kipande cha chombo kilichovunjika, kilichomo ndani ya mtaro wa msingi kinakuhakikishia kwamba ukuta haukujengwa kabla ya chombo hicho kutengenezwa, ilhali kigae kilicholala juu ya sakafu kinazungumzia waliokaa humo baadaye. Mfereji unaoambaa na ukuta huondoa mahali palepale ambapo vitu hivyo vinakutana. Wanaakiolojia wa Uingereza Mortimer Wheeler na Kathleen Kenyon waliupinga sana utaratibu huo katika karne iliyopita, na bado tunaurudia kwa sababu ukuta unatia uchu.

Nami niliwahi kuurudia. Katika uchimbaji wangu wa pili nilifuata ukuta mita 11 kwa siku tatu, nikapata picha nzuri na kona mbili zilizonyooka, kisha nikaulizwa ukuta ule ulitangulia sakafu au sakafu ilitangulia ukuta. Sikuwa na jibu, na udongo ambao ungenijibu ulikuwa umeshapita kwenye chekeche.

Kesho wekeni kamba kwa pembe mraba na ukuta, mchimbe ukanda wa mita 1 kuelekea ndani ya chumba, tabaka baada ya tabaka, huku mkiacha ukingo wa udongo usiochimbwa upande mmoja ili mwisho mchore matabaka yake. Kumbukeni pia kwamba dari za nyumba hizi zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, kwa kawaida mita 2.5 au zaidi kidogo. Ukanda wenu ukipita kaskazini kwa kiasi hicho, huenda ukakutana na ukuta wa pili bila kuufuata wa kwanza hata hatua moja.

Fundi chokaa, Lamu

Mimi si msomi wa akiolojia, ila nimekarabati kuta za namna hiyo kwa miaka mingi. Tazameni lipu inaishia wapi upande wa chini. Fundi hapaki lipu mahali ambapo macho hayatafika, kwa hiyo mkishuka mkaona lipu inakoma kwa mstari na chini yake yako mawe yasiyosawazishwa, chokaa ikiwa imevimba kwenye viungo, jueni kwamba kimo cha sakafu kilikuwa pale hata kama sakafu yenyewe imeng'olewa. Hapo wekeni sululu kando, mshike mwiko na brashi. Lipu iliyokaa ardhini muda mrefu ina unyevu na chumvi. Ikikaushwa ghafla na jua la saa sita, chumvi huja juu na kuibambua. Ifunikeni kwa turubai lililoinuliwa kidogo, na msije mkaishikiza kwa saruji, maana saruji huzuia unyevu kutoka na hatimaye hula jiwe lenyewe.

Mtafiti wa miji ya kale

Nakubaliana na waliotangulia, ila nisingekataa ombi la wenzako lote. Ramani ya nyumba inaweza kupatikana bila kuchimba chini: ondoeni udongo wa juu tu, msafishe vichwa vya kuta, mpime na kuchora, kisha msimame hapo. Kinachoharibu ni kushuka kando ya ukuta. Jambo la pili, msiishie kwenye kitako cha msingi. Huko Shanga, mji wa kale wa Waswahili kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe, alikuta mashimo ya nguzo za misikiti ya miti iliyoutangulia. Angeshika ukuta peke yake, historia ya mahali pale ingeanza kwa kuchelewa sana.

Mwanafunzi wa akiolojia, mwaka wa tatu

Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Leo ni siku ya 12. Tulichimba ukanda kama mlivyoelekeza, na kundi la pili likasafisha vichwa vya kuta. Lipu ilikoma kwa mstari kama alivyosema fundi, na sentimita 2 chini ya mstari huo tukaikuta sakafu ya chokaa, imepasuka ila ipo. Ndani ya mtaro wa msingi kimetoka kigae kimoja cha seladoni ya Kichina (vyombo vya kauri vya rangi ya kijani), kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Ukuta wa pili hatujauona, kwa sababu mahali tulipoutarajia kuna mtaro uliojaa udongo mlaini na vipande vya chokaa. Msimamizi anadhani mawe yake yaling'olewa na watu wa baadaye wakayajengee kwingine. Chini ya sakafu inaonekana sakafu nyingine, ya udongo mwekundu uliopondwa, nayo inapita chini ya ukuta. Tumekubaliana kushuka kwenye nusu ya ukanda tu, na nusu iliyobaki tuifunike kwa turubai na mchanga, wachimbaji wa msimu mwingine waikute.