Dadangu yuko Marekani, wamemletea watu wa ofisi ya watoto kisa alama za mtoto mgongoni. Nisaidieni

BintiLangoni
Salaam jamani. Kuna jambo lanikosesha usingizi na hapa Lamu sina wa kumuuliza. Dadangu yuko Columbus, Ohio, analea wazee zamu ya usiku, mchana anamuacha mtoto wake wa mwaka mmoja kwenye kituo cha watoto ili alale kidogo. Juzi wale walezi wakimbadilisha nepi wakaona yale madoa ya bluu mgongoni na matakoni, yale watoto wetu huzaliwa nayo na wakikua yanapotea, wakapiga simu kwamba mtoto anapigwa. Jioni wanawake wawili wakabisha hodi, wakafungua friji, wakaangalia wanapolala, wakamvua mtoto nguo wakapiga picha. Bi mkubwa tangu asikie hali wala halali, kila saa "watamchukua mjukuu wangu". Ni bahati mbaya tu ama ni kweli kule mtu mweusi ndio anaanzwa? Na afanye nini?

Kaka wa Maweni
Pole sana dadangu, mpe pole na bi mkubwa. Nimeishi Minneapolis miaka tisa kabla sijarudi Malindi na haya nimeyaona kwa majirani zangu.

Si bahati mbaya. Kule mwalimu, nesi, daktari, mlezi wa kituo, wote sheria inawalazimisha kupiga simu wakishuku tu, na asiyepiga anaweza kushtakiwa, kwa hivyo mtu akiwa na wasiwasi kidogo anapiga, sasa huo wasiwasi hauwaangukii watu sawasawa. Kuna utafiti wa 2017 ulikadiria kwamba katika kila watoto 100 weusi, 53 familia zao zitakuwa zimechunguzwa kabla hawajafika miaka 18, ukichukua watoto wote kwa jumla ni 37. Watoto weusi kule ni kama 14 kwa 100 lakini kati ya wale waliochukuliwa na serikali wanapita 20 kwa 100. Na nyingi ya hizo kesi wala si kipigo, wanaita kutomtunza mtoto, yaani stima imekatwa, friji tupu, mtoto kaachiwa kakake, mama yuko kazini. Ukata huo! Lakini kwenye fomu unaandikwa kama kosa la mama, na hapo ndipo roho yangu huuma.

Cha kufanya: ampeleke mtoto kwa daktari wake leo, si kesho, yale madoa yaandikwe kwenye faili kwamba ni ya kuzaliwa nayo, daktari yeyote wa watoto anayajua. Asitie saini karatasi asiyoielewa, aombe mkalimani, atafute wakili. Na ataje ndugu wote walioko huko, manake sheria ya 2008 inasema mtoto akichukuliwa ndugu watafutwe na kuarifiwa ndani ya siku 30. Asizembee kabisa, kuna nyingine ya 1997, mtoto akikaa miezi 15 kati ya 22 mikononi mwa serikali wanaweza kuomba korti imvue mzazi haki zake moja kwa moja.

Mama Watatu
Mimi nasema lisilopendwa. Hapa mtaani kwetu Barani nimejitolea mambo ya watoto na nimemuona mtoto aliyechomwa na pasi, mtaa mzima ulijua, kila mtu "hayo ya nyumba ya watu". Kwa hivyo tusifike pa kusema kupiga simu ni ubaya, 116, namba ya simu ya watoto, ipo na tuipige.

Lakini ukata nao hata hapa kwetu unawatoa watoto majumbani. Wangapi wametolewa huko bara wakaletwa kwenye vituo mjini na mama yuko hai, baba yuko hai, kisa ni karo na chakula? Serikali yenyewe 2022 ilitoa mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia, na Sheria ya Watoto ya mwaka huohuo imetambua kafala, yaani kumlea mtoto asiye wako bila kumbadilisha nasaba, ambayo sisi Waislamu tunaijua tangu zamani. Kuna mama hapa mtaani alilazwa miezi miwili ana watoto wanne. Wanawake wa mchezo wetu wa kuchangiana pesa tukagawana kazi, huyu chakula cha usiku, huyu kufua, huyu kuwapeleka madrasa, zamu yake ya pesa tukaileta mbele. Alitoka akawakuta wote wanne kwenye mkeka wao. Huyo dadako huko ana watu?

Kaka wa Maweni
Mama Watatu umenena, sikupingi. Wahindi wekundu walichukuliwa watoto wao kwa wingi mpaka ikabidi itungwe sheria 1978 kwamba kwanza waangaliwe ndugu na kabila lake. Minnesota nao 2024 wakapitisha sheria ya kulinda familia za watu weusi. Watu walipigania hizo miaka na miaka.

BintiLangoni
Allah awalipe nyote. Nimempigia hapohapo, daktari amempa barua na picha zimeingia kwenye faili, faili yenyewe haijafungwa bado. Kuhusu watu, Mama Watatu, nilikuwa sijui, kumbe kuna Wabajuni kadhaa mtaa wa pili, mmoja amesema mtoto aletwe kwake asubuhi na hataki hata senti. Bi mkubwa amekunywa uji leo.