Kibubu cha kahawa kimeonyesha -32536, shida iko wapi?

Mdau wa Tabata:
Wakuu, habari za jioni. Kibubu ni cha mbao, kina Arduino Nano (bodi ndogo ya kielektroniki inayoprogramiwa), skrini ya mistari miwili na sensa ya infraredi chini ya tundu. Kila kahawa inayochemshwa nyumbani badala ya kununuliwa mgahawani, inatumbukizwa sarafu ya 500 na jumla inapanda. Kilikwenda vizuri hadi 32,500. Sarafu iliyofuata ikaleta -32536. Tena kuna wakati sarafu moja inahesabiwa mara mbili. Sensa imekufa, au ni umeme kukatikakatika?

Mdau wa Buguruni:
Mkuu, sensa ni nzima. Jumla umeiweka kwenye int (aina ya namba nzima kwenye programu), na int ya Nano ni biti 16, inaishia 32,767. Sarafu 65 zinatosha humo. Ya 66 inafikisha 33,000, ndipo namba inageuka hasi. Tumia long, namba nzima ya biti 32. Kama programu yako inazidisha idadi ya sarafu kwa thamani, andika 500L (L ni ya long), si 500 tupu, maana hesabu itafanyika kwa biti 16 kabla ya kuingia kwenye long na hasi itarudi palepale.

Ikiwa jumla inatunzwa kwenye EEPROM, kumbukumbu ya Nano isiyofutika umeme ukikatika (na itunzwe huko), hata ukibadilisha unaweza kuiona -32536 ileile. Namba ya zamani ilikaa kwenye baiti 2, long inasoma 4, na baiti ambayo haijawahi kuandikwa huwa na 255. Andika 33000L mara moja kwa EEPROM.put, kisha futa mstari huo na upakie programu upya. Ukiuacha, kila kikiwashwa kitaanza 33,000.

Mdau wa Mbagala:
Kuhesabu mara mbili ni sarafu kudunda mbele ya sensa. Waya wa sensa uende pini D2, tumia intarapti (ishara inayokatiza programu ili sensa ishughulikiwe papo hapo), na mpigo wowote unaokuja ndani ya milisekunde 200 baada ya wa kwanza upuuzwe. Usitegemee delay (amri ya kusubiri) ndani ya loop (sehemu ya programu inayojirudia): sarafu iliyoanguka sentimita 5 inapita kwa takriban milisekunde 30 tu, ikikuta programu imelala haihesabiwi kabisa. Kigezo cha hesabu kiwe volatile, ili programu isome thamani yake upya kila mara, maana intarapti huibadilisha.

Kibubu kisikae dirishani. Jua lina infraredi nyingi, sensa inachanganyikiwa. Ivishe kipande cha bomba la mpira mweusi, urefu sentimita 2 hivi, halafu zungusha skrubu ya moduli taratibu hadi taa yake iwake sarafu inapopita tu.

Mdau wa Tabata:
Asanteni sana wakuu. 33,000 imerudi, naenda kuhamishia waya D2. Ila 500 kwa kikombe inatosha?

Mdau wa Buguruni:
Toa gharama kwanza. Gramu 12 kwa kikombe, paketi ya gramu 250 inatoa vikombe 20. Paketi ikiwa 10,000, kikombe ni 500 kabla ya sukari na gesi. Kama mgahawani ungelipa 2,000, inabaki 1,500; ukiacha nafasi ya sukari na gesi, tumbukiza sarafu mbili.