Wakuu naombeni ushauri: niache mradi wa panya wenye ini la mtu?

Msafiri_07: Wakuu habari. Nasoma PhD huku Marekani, kazi yangu ni panya wasio na kinga na wasio na jeni ya Fah (bila hiyo sumu inajaa kwenye ini), unawawekea dawa ya nitisinoni ya kuzuia hiyo sumu kwenye maji wasife, unawapandikizia seli za ini la binadamu kupitia wengu, ukiondoa dawa ini lao linakufa taratibu zile za mtu zinashika nafasi, ndo unawaambukiza homa ya ini B maana panya wa kawaida haimshiki. Toka Ijumaa silali. Nimwombe supavaiza anihamishe?

Mama Tunu: Komaa mwanangu, wangu aliacha chuo mwaka wa pili mpaka leo anajuta.

Mja_wa_Mola: Ini la marehemu ndani ya panya! Familia iliulizwa?

Dawa_Chungu: Anayejiandikisha kutoa viungo anaweza kuruhusu vitumike kwenye utafiti pia. Hao panya wapo tangu 2007, hata ile aina hatari ya malaria inajaribiwa humo inapokuwa bado kwenye ini. Ila mkuu, Ijumaa kulitokea nini?

Msafiri_07: Haya. Panya alijipinda, sindano ya virusi ikapenya glavu ikanichoma kidole. Niliosha kwa sabuni. Chanjo nilichoma dozi moja kati ya 3. Nikiripoti watanitoa maabara na viza yangu inategemea huu mradi, halafu maji yenyewe ya virusi yalikuwa kidogo mno, naona nisubiri miezi 3 nikapime.

Kipanga: Chai hii. PhD ya homa ya ini halafu huna chanjo?

Mama Tunu: Hata mi naona kama katunga.

Msafiri_07: Nitunge ili iweje? Ratiba ya dozi ya pili iliangukia wiki ya mitihani, nikasema nitaenda, sikwenda.

Dawa_Chungu: Kama ni chai basi akinywa mwingine aliyechomwa kweli itamfaa. Kirusi cha B hakihitaji wingi, tone usiloliona linatosha. Kuna imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, ya kukizuia, inachomwa mapema iwezekanavyo, mwisho siku 7, pamoja na chanjo, na leo ni ya 3. Mimi nilichomwa wodini nikaficha kwa aibu siku 2, zile siku sizisahau. Emajensi haifungi, nenda usiku huu.

Kipanga: Kama ni kweli nenda kaka, samahani.

Msafiri_07: Niko kwenye teksi. Supavaiza nimemtumia meseji, hajajibu.