Mjadala: Hadithi za mapenzi za kujifurahisha, ni uandishi au ni kupoteza kipaji?

Mleta Hoja
Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila matusi. Wapo watunzi wenye lugha nzuri kabisa ambao miaka nenda miaka rudi wanatunga hadithi za mapenzi za kujifurahisha wenyewe, zinazosomwa mtandaoni na kikundi kidogo cha watu wanaojuana kwa majina ya bandia. Mhusika mkuu ni msichana asiye na kasoro, kila mwanaume anamgombea, na tajiri mmoja mkali analainika kwake tu. Je, huo ni uandishi, au ni kipaji kinachopotea bure? Kwa maoni yangu, wengi wao wanaandika mapenzi waliyoyakosa.

Binti Karani
Ndugu Mleta Hoja, ulianza vizuri ukaja kuharibu kwenye sentensi ya mwisho. Anayetunga riwaya za mauaji haulizwi ameua wangapi, lakini anayetunga mapenzi huambiwa papo hapo kwamba ameachwa. Mimi nimeolewa, nimetulia, na bado natunga. Kejeli hiyo wala si mpya, kwani mwaka 1856 George Eliot, mwandishi wa Uingereza, aliandika makala nzima ya kuwacheka wanawake waliotunga riwaya zenye mashujaa warembo, wenye akili isiyo na mfano na sauti nzuri ya kuimba.

Kalamu Kavu
Dada Binti Karani, hapo umejifunga mwenyewe. George Eliot alikuwa mwanamke, na hakuwazuia wanawake kuandika. Kilichomuudhi ni kwamba kazi dhaifu ziliwapa watu kisingizio cha kuwadharau wanawake wote wenye elimu. Miaka 3 baadaye akatoa riwaya yake mwenyewe, *Adam Bede*, akaonyesha alichokuwa akikidai. Na huyo msichana asiye na kasoro, hata mashabiki wenyewe walimchoka: nadhani ni miaka ya 1980 walipompa jina la dhihaka, Mary Sue.

Mzee wa Hoja
Ni mwaka 1973, Bwana Kalamu, si miaka ya 1980. Paula Smith alitunga kihadithi cha mzaha kwa ajili ya mashabiki wa *Star Trek*, tamthilia ya televisheni ya safari za anga za juu, ambamo Mary Sue, luteni wa miaka 15 na nusu, anawazidi wote chomboni kwa kila jambo. Tofauti ni kwamba yule alikuwa shabiki akiwatania mashabiki wenzake, ilhali humu wanaocheka hawajasoma hata sehemu moja ya wanachokicheka.

Msomaji wa Usiku
Mimi nimesoma, tena nyingi. Kuna hadithi moja ambayo sehemu nzima, kurasa 4 hivi, mwanaume anamfunga msichana kamba za viatu. Anapiga goti, anagundua kwamba fundo limelowa, anavua glavu ili alifungue, na msichana hajui mikono yake aiweke wapi. Mhariri yeyote angeikata ikabaki sentensi moja. Sisi tuliomo tuliomba irefushwe, kwa sababu kitabu cha dukani hakina subira hiyo.

Mleta Hoja
Nilisema «wengi», sikusema «wote», kwa hiyo aliyeumia ajiulize kwa nini. Nami nauliza: ikiwa ni burudani ya faragha, mbona zikipata wasomaji zinauzwa? *Fifty Shades of Grey* ilianza kama hadithi ya shabiki wa riwaya ya mapenzi ya *Twilight*, wahusika wakabadilishwa majina, na mwaka 2011 ikawa kitabu.

Binti Karani
Mmoja aliuza, na wewe unawatoza kodi wote. Tulio wengi hatujapata hata senti, ndiyo maana hatuna wa kutupangia. Siku nikitaka wapendanao wangu wanyeshewe na mvua mara ya tatu, watanyeshewa.

Kalamu Kavu
Na wanyeshewe, Dada, lakini usitupe sharti la kusifu tu. Hadithi ya kujifurahisha ina mahali pake daftarini. Ukiitoa sehemu kwa sehemu, ukawaacha watu roho juu, ukasoma maoni yao kabla hujaandika inayofuata, umekwishakuwa na hadhira, na hadhira ina haki ya kusema kwamba mvua imezidi.

Msomaji wa Usiku
Hapo nakubaliana na Bwana Kalamu, ingawa kwangu si suala la mvua. Mtunzi wa zile kamba za viatu aliishia pale wawili hao walipopanda ngazi wakiwa wamenuniana, na hakuaga. Je, anayeandika kwa ajili ya nafsi yake anadaiwa mwisho na sisi tuliomfuata?

Binti Karani
Hadaiwi. Hakuchukua fedha ya mtu.

Msomaji wa Usiku
Alichukua usingizi wangu, Dada yangu. Nawe hadithi yako ya nahodha na mkutubi imesimama tangu harusi ilipoahirishwa, kwa hiyo jibu lako nalisoma kwa mashaka makubwa.

Mzee wa Hoja
Ndiyo kusema alimwoa au hakumwoa?