Re: Keki ya Nairobi imegoma Dar, ni unga?

Mgeni wa Mbezi Beach aliandika:

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Tumehamia Dar majuzi na watoto. Nyumbani Nairobi nilikuwa naoka keki za kuuza, na mapishi yangu nayajua kwa kichwa. Hapa keki inatoka fupi, nzito, imeshikana kama ugali wa jana. Oveni ni ileile, nimekuja nayo. Mkate ndio kabisa: unaumuka mbio, ukiingia kwenye moto unashuka. Nashuku unga wa huku. Kuna ndugu anakuja na basi kupitia Namanga, nimwambie anibebee unga na majarini ya kwetu?

Dada wa Tabata alijibu:

Marahaba mdogo wangu, karibu Dar. Unga usimbebeshe mtu. Kama ana nafasi kwenye begi akuletee majani ya chai, na mimi nitapita kunywa.

Unga unasingiziwa. Kilichobadilika ni kwamba umeshuka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mbezi ni hapo kwa hapo na ufukwe. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mapovu ya beking pauda yanatanuka bila shida. Mwokaji wa huko anazoea kupunguza pauda, kupunguza sukari kidogo, kuongeza maziwa kwa sababu maji yanakauka upesi, na kupandisha moto ili keki ishike kabla haijaporomoka. Mara nyingi hata hajui kwamba amerekebisha kitu, ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Ukiyaleta mapishi hayo pwani, hewa inaikalia keki, na pauda uliyoweka haina nguvu ya kuinyanyua.

Sasa niambie, mapishi yako yalitoka wapi? Kama uliyachukua kwenye kitabu cha Uingereza bila kuyagusa, yangetakiwa yakubali huku kuliko kule, na hapo tutafute ugonjwa mwingine. Kama ni ya nyumbani, yarudishe taratibu. Penye robo tatu ya kijiko cha chai cha beking pauda, weka kijiko kizima. Kwa kila kikombe cha maziwa toa vijiko 2 vya chakula. Ulikuwa unaoka kwa nyuzi 190, shusha hadi 180. Lakini anza na pauda peke yake, uone keki inasemaje, ndipo uguse kingine. Ukigeuza vyote kwa mpigo hutajua dawa ilikuwa ipi.

La pili ni joto, na hili ndilo linalowaumbua wageni wengi. Mapishi yakisema siagi ya joto la chumbani, chumba hicho kina nyuzi 18 mpaka 20. Jikoni kwako mwezi wa pili kuna 32, na siagi huanza kuyeyuka hapohapo. Ukiipiga na sukari ikiwa laini hivyo haishiki hewa hata upige mpaka mkono uchoke. Itazame kwenye bakuli: ikiwa inang'aa, na pembeni mafuta yameanza kujitenga, imeshaharibika. Usimwage. Ingiza bakuli lote kwenye friji robo saa, kisha piga tena mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Siku hizi mimi naitoa siagi kwenye friji, naikata vipande vidogo, nikimaliza kupima unga na kuvunja mayai imeshakuwa tayari. Ukibonyeza kwa kidole ibaki alama, ila kidole kisizame.

Majarini nayo soma nyuma ya kopo. Siagi ina mafuta asilimia 80 na kitu. Nyingi za kupaka mkate zina mafuta pungufu, zilizobaki ni maji, na hayo maji unayaongeza kwenye keki bila kujua. Tafuta iliyoandikwa ya kuokea.

Mkate wako unashuka, ila si kwa sababu ya hamira mbovu. Hamira inafurahia Dar kupita kiasi. Tumia maji ya friji, punguza hamira kwa theluthi, na achana na saa ya mapishi. Bonyeza donge kwa kidole: shimo likirudi polepole, liingize motoni. Likibaki vilevile bila kurudi, na harufu imekuwa ya pombe, limepitiliza. Njia yangu ni kukanda usiku na kulilaza donge kwenye friji mpaka asubuhi. Linaumuka taratibu, na mkate unakuwa na ladha ambayo huwezi kuipata kwa haraka.

Kama keki ni za kuuza, fikiria njiani pia. Krimu ya siagi tupu haifiki Posta kwenye bajaji saa sita mchana. Changanya nusu siagi na nusu mafuta ya kupikia ya mgando, yanavumilia joto zaidi. Utamu unapungua kidogo, ndiyo, lakini maua yanafika yamesimama. Oka usiku, pamba alfajiri, peleka kabla ya foleni. Na wakati wa masika ile aisingi ya ute wa yai inachelewa mno kukauka, mteja asikuahidishe kitu.

Kaka wa Sinza aliongeza:

Dada kamaliza, mimi nidokeze la tofi na kashata, maana najua ataziuza tu. Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hapa ni 100. Kama kule ulikuwa unaepua shira kwenye 112 ili ipate ugumu wa kitabu wa 118, hapa fuata kitabu. Ukiepua kwenye 112 tofi itabaki kama gundi. Usipokuwa na kipimajoto, dondosha shira kwenye bakuli la maji baridi, ila weka barafu, maana maji ya bomba ya Dar mchana yenyewe ni ya kuogea mtoto.

Na umeme ukikatika keki ikiwa ndani, mlango usiuguse. Oveni inatunza joto, na keki iliyokwisha kushika inaweza kumalizikia humo. Iliyokuwa bado uji haina ujanja huo. Ndiyo maana wazee wa pwani wanaopalia mkate wa kumimina, makaa juu na chini, hawana presha ya luku.

Mgeni wa Mbezi Beach:

Asanteni sana. Mapishi ni ya mama, kwa hiyo dada umepatia. Nimeongeza pauda tu na keki imepanda. Bado maswali mawili. Mayai ya kienyeji nayaona madogo, niongeze ngapi? Na unga wangu umeingia fukusi ndani ya kopo.

Dada wa Tabata:

Mayai yapime kwenye mzani, usihesabu. Mapishi mengi ya vitabuni yanachukulia yai moja bila ganda ni gramu 50. Yakitakiwa 3, vunja mpaka ufike 150, yawe 3 au 4. Kwa keki za kuuza mimi natumia ya kisasa, trei nzima yanalingana. Ya kienyeji nawakaangia watoto.

Huo wenye fukusi wape kuku. Mpya ukinunua, uweke kwenye friza siku nne ukiwa kwenye mfuko uliofungwa, mayai ya wadudu yafe. Ukiutoa usiufungue mpaka ufikie joto la jikoni, la sivyo unyevu unaingia na unga unagandamana. Baada ya hapo ndoo ya kifuniko kinachobana, na ununue wa wiki mbili tu, si gunia. Ukiwa dukani soma protini kwenye pakiti: gramu 8 mpaka 10 kwa kila gramu 100 ni wa keki, 11 kwenda juu ni wa mkate. Ukikosa laini, kwa kila kikombe toa vijiko 2 vya chakula vya unga, ujazie konfulawa, uchekeche mara mbili.

Vyombo vya keki viko Kariakoo, nenda asubuhi. Iliki na mdalasini nunua Kisutu, na iliki iwe nzima, ya kusaga usichukue.